Kabla Hujafuta Kila Kitu: Mwongozo wa Fundi wa Kompyuta Ufukweni mwa Mweru

Kila mji wenye kompyuta zaidi ya tatu una Fundi Futa-Yote, na Nchelenge ya Zambia haikunyimwa wake. Utamtambua kwa flashi anayoivaa shingoni na kwa kauli anayoitoa kabla hajavuta kiti: "Hii tufute, tuweke mpya." Printa imegoma, tufute. Programu haifunguki, tufute. Saa ya kompyuta imerudi nyuma, tufute tu, mukwai, tusipoteze muda. Jijini Lusaka dawa hiyo inakugharimu mchana mmoja. Ufukweni mwa Ziwa Mweru, ambako intaneti ni bando la simu na umeme huja kwa ratiba yake, inaweza kukugharimu wiki nzima, pamoja na takwimu za msimu mzima ambazo hakuna aliyekumbuka kuzinakili. Mwongozo huu umeandikwa ili flashi ya fundi huyo ibaki shingoni.

Tuchukue mkasa wa aina inayotokea kweli. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika Mweru ili samaki wazaliane. Tuseme wanunuzi wa samaki wa Kashikishi, jirani na Nchelenge, wana kompyuta moja ndogo ya Linux, na ndani yake kuna programu iitwayo mizani, inayoandika kilo za samaki aitwaye pale na za chisense, wale samaki wadogo wa jamii ya dagaa wa Tanganyika wanaovuliwa usiku kwa taa. Ziwa likifungwa, mashine inapumzika. Katika mapumziko hayo mtu mwema anaipeleka mjini Mansa na kuipandisha kutoka Debian 11 hadi Debian 12. Machi inafika, mitumbwi inarudi imejaa, karani anabofya, na mashine inajibu:

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Hapa Futa-Yote anaruka hadi maneno ya mwisho, anaona "hakuna faili", na mkono unakwenda shingoni. Mzuie. Mwambie asome sentensi nzima, tena kwa sauti. Mashine haijasema programu imeharibika. Haijasema diski imekufa, wala haijataja virusi. Imesema jambo moja tu, na imelisema kwa uaminifu mkubwa kuliko mafundi wengi: nimetafuta faili lenye jina hili, nikalikosa. Nusu ya ufundi wa kazi hii ni kusoma jina hilo hadi tarakimu yake ya mwisho, kwa sababu ugonjwa wote umeandikwa katika ile 1.1.

Maktaba ya pamoja ni msimbo ambao programu nyingi zinautumia bila kila moja kubeba nakala yake. Wavuvi watano wanaochangia injini moja ya boti wanaokoa fedha na mahali pa kuihifadhi. Siku mmoja wao akiibadilisha kwa injini mpya yenye vishikizo vya kipimo kingine bila kuwaambia wenzake, mitumbwi minne inabaki ufukweni, na hakuna hata mmoja wenye tundu. Ndivyo ilivyokuwa kwa OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za dunia. Toleo la 3.0 lilitoka tarehe 7 Septemba 2021, likiwa na mabadiliko makubwa kiasi cha kupewa jina jipya la faili, libssl.so.3. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ililibeba hilo na kuliacha la zamani. Septemba mwaka huohuo watengenezaji walisitisha huduma ya bure ya kuliziba mianya toleo la 1.1.1. Kwa hiyo mashine ya Kashikishi ni nzima kabisa. Programu inatafuta kitu kilichoondolewa kwa makusudi, na kwa sababu nzuri.

Dawa za uongo ni tatu, na zote zina wafuasi.

Ya kwanza ni kumdanganya mlinzi: unatengeneza kiungo chenye jina la libssl.so.1.1 kinachoelekeza kwenye libssl.so.3, kisha unajipongeza. Kiunganishi cha mfumo, ile programu ndogo inayokusanya maktaba kabla programu yako haijaanza, kinasoma pia lebo za matoleo zilizoandikwa ndani ya faili. Kitakuambia OPENSSL_1_1_0 haipo, na utakuwa umeacha kwenye mfumo uongo utakaomsumbua fundi wa mwaka kesho. Ya pili ni kupakua faili la .so kutoka tovuti yoyote inayotajwa kwanza na simu yako. Maktaba inayosimba nywila za watu si kitu cha kuokota njiani.

Ya tatu inaua. Ni ya yule anayeambiwa kwamba GLIBC_2.34, toleo la maktaba ya msingi ya C, haipo, akaamua kunakili libc.so.6 ya mashine nyingine juu ya ile iliyopo. Karibu kila amri unayoijua, kuanzia ls na cp hadi bash yenyewe, inasimama juu ya faili hilo. Ukilivuruga, hutaweza hata kunakili la zamani lirudi, maana amri ya kunakili nayo imekufa. Hapo ndipo Futa-Yote anapata haki yake, na aliyempa haki hiyo ni wewe.

Sasa uliza. Andika ldd ./mizani na mashine itakuorodheshea kila maktaba inayotakiwa na mahali ilipopatikana. Zile zilizokosekana zitaandikwa "not found". Ujumbe wa kosa hutaja moja tu kwa wakati, ilhali ldd inazitaja zote, na katika mkasa huu utagundua kwamba libcrypto.so.1.1 pia haipo, ugundue leo badala ya kugundua baada ya kuhangaika na ile ya kwanza. Tahadhari moja: ldd katika hali fulani huendesha msimbo uliomo ndani ya faili inalolikagua. Kwa programu yako mwenyewe haina neno. Kwa faili ulilopewa na mtu usiyemjua, tumia objdump -p au readelf -d, utafute mistari ya NEEDED. Amri hizo zinasoma tu, haziendeshi kitu.

Kama ldd haitoshi, kuna swali zuri zaidi, ambalo inasikitisha kuona mafundi wanalijua baada ya miaka mingi ya jasho:

LD_DEBUG=libs ./mizani 2> safari.txt

Faili la safari.txt litakusimulia kila folda ambayo kiunganishi kilipita, kwa mpangilio, na kile kilichokikuta au kukikosa humo. Mpangilio wenyewe ni wa kukariri, kwa kuwa ukiujua huhitaji intaneti. Kwanza ni RPATH iliyoandikwa ndani ya programu, kama ipo na kama RUNPATH haipo. Kisha LD_LIBRARY_PATH. Kisha RUNPATH. Kisha orodha iliyohifadhiwa katika /etc/ld.so.cache. Mwisho kabisa ni /lib na /usr/lib. Maktaba uliyoiweka kwa mkono wako katika /usr/local/lib, na unaiona kwa macho yako, bado "haipo" mpaka uendeshe ldconfig ili orodha ile iandikwe upya. Nimewaona watu wakigombana na mashine juu ya faili linaloonekana waziwazi, na mashine ndiyo iliyokuwa na haki.

Kuna na lile la programu kukubali kwenye terminali na kukataa inapoanzishwa na mfumo wenyewe asubuhi. Sababu ni kwamba LD_LIBRARY_PATH uliyoiweka kwenye .bashrc ni ya kwako wewe uliyeingia kwa jina lako. systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, haisomi .bashrc yako, na sudo kwa kawaida hainakili thamani hiyo kwa makusudi, ili mtu asitumie maktaba ya bandia kujipa mamlaka. Iandike kwenye mstari wa Environment katika faili la huduma, na uiandike kwa programu hiyo moja tu. Anayeiweka kwa mfumo mzima anazilazimisha programu zote zilizokuwa nzima kutumia vitu vya zamani.

Tiba yenyewe ya mizani ni kuikompaili upya dhidi ya OpenSSL 3, na hapo ndipo swali chungu linapoulizwa: msimbo chanzo uko wapi? Kama upo, pakua mapema vifurushi vya kujengea, libssl-dev na wenzake, ukiwa Mansa penye mtandao mzuri, uvibebe kwa flashi. Hii ndiyo kazi halali ya flashi. Kama msimbo umepotea, unaweza kuweka maktaba za zamani kutoka hazina ya Debian 11 yenyewe katika folda ya peke yake, mathalani /opt/mizani/lib, na kuielekeza programu hiyo pekee kule. Fanya hivyo ukijua kwamba Debian 12 haitaziba tena mwanya wowote ndani yake, na usiiache mashine hiyo wazi kwenye intaneti. Hiyo ni plasta. Anza siku hiyohiyo kumtafuta aliyeandika programu.

Na wewe unayeandika programu Lusaka, Lubumbashi au Dar es Salaam, ukompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unaotarajia kuuhudumia. Programu iliyojengwa juu ya glibc 2.31 ya Debian 11 kwa kawaida itakubali juu ya 2.36 ya Debian 12. Kinyume chake mara nyingi hakikubali. Mashine za ufukweni huishi muda mrefu kuliko za ofisini kwako, na hakuna anayezibadilisha kwa sababu umenunua mpya wewe.

Mtu anaweza kuuliza kama uchunguzi huu wa mlolongo wa maktaba si wa watu wenye muda wa kupoteza. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana mafaili, kulikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa ssh kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. ssh yenyewe haihitaji maktaba ya kubana mafaili. Lakini mifumo kama Debian ilikuwa imeiongezea libsystemd ili itoe taarifa ya kuwa imeanza, na libsystemd ikaivuta liblzma, na mwovu alikuwa amekaa humo ndani akingoja. Nusu sekunde na mtu mmoja aliyekataa kuipuuza ndivyo vilivyoziokoa seva nyingi kabla matoleo hayo hayajasambaa. Kwa hiyo, fundi wa Nchelenge unayesoma mstari mmoja mmoja wa ldd, ni kazi hiyohiyo unayoifanya.

Tumemaliza na Futa-Yote. Sasa kuna mwenzake, ambaye madhara yake ni makubwa zaidi kwa sababu haonekani: Bwana Kimya, mwandishi wa programu zisizosema kitu. Programu yake ikianguka inaandika "Hitilafu imetokea." Tumeiona. Ipi? Wapi? Ilikuwa inafungua faili gani? Bwana Kimya yuko mbali na hapokei simu.

Logi ni ushahidi wa programu kwa mtu ambaye hakuwepo. Mfumo tunaoutumia hadi leo ulianza na syslog, iliyoandikwa na Eric Allman huko Berkeley katika miaka ya 1980 kwa ajili ya programu yake ya barua, sendmail. Una ngazi 8, kuanzia 0 ya dharura hadi 7 ya uchunguzi wa ndani. Zitumie kwa haki. Mtumbwi mmoja kukosa nambari ya usajili ni onyo. Kushindwa kuandika kilo kwenye diski ni kosa kubwa, na lisikike hivyo. Anayeandika kila kitu kama dharura amemfundisha karani kutosoma.

Ufukweni mwa Mweru adui mkuu wa logi ni umeme. Mwaka 2024, ukame ulipoyashusha maji ya Kariba, Zambia nzima ilionja mgao wa saa nyingi kwa siku, na kila kukatika ghafla kulimeza mistari ya mwisho, ile hasa unayoihitaji. Mistari inapotelea mahali patatu. Programu ya C inayoandika kwenye faili badala ya terminali hukusanya maandishi kwenye bafa, mara nyingi baiti 4096, kabla ya kuyatoa. Weka setvbuf ili kila mstari utoke unapokamilika, au andika kwenye stderr, na kwa Python weka PYTHONUNBUFFERED. Kisha kiini cha Linux nacho huyashikilia maandishi kwenye kumbukumbu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuyapeleka diskini; kwa rekodi ya fedha za watu, ita fsync. Tatu ni journald, mtunza logi wa systemd, ambayo kwa kawaida huhakikisha maandishi yamefika diskini kila dakika 5, isipokuwa ujumbe wa ngazi tatu za juu, ambao huupeleka papo hapo. Dakika 5 ni nyingi mno mahali ambapo umeme haupigi hodi. Punguza SyncIntervalSec, hata kama kadi ya kumbukumbu itachakaa mapema kidogo. Na hakikisha folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, katika mpangilio wa kawaida logi zote hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na kufa pamoja na umeme, na amri ya journalctl -b -1, inayokuonyesha maisha ya mashine kabla ya kuzimika, haitakuwa na cha kukuonyesha.

Saa ni mtihani mwingine. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zote zilizotangulia Pi 5, hazina saa inayotembea umeme ukikatika, na Pi 5 yenyewe inataka betri inayouzwa kando. Mashine ikiwaka bila mtandao inaendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, kwa hiyo tukio la saa tano asubuhi linaandikwa kana kwamba lilitokea alfajiri, kabla ya lile lililolisababisha. Nunua kipande cha saa chenye betri. Kabla hujakipata, soma logi kwa journalctl -b -o short-monotonic, inayohesabu sekunde tangu mashine ilipowaka na haijali kalenda.

Hata saa ikiwa sahihi, uliza ni saa ya wapi. Seva ikiandika 03:10 kwa saa ya dunia, Nchelenge ni 05:10, na Kilwa ya upande wa Kongo ni hivyohivyo, ilhali Kigoma ni 06:10. Karani aliyelelewa kwa Kiswahili cha Tanzania atakuambia ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, na yuko sahihi kabisa. Usibishane naye. Muulize kama kulikuwa kumeshapambazuka, kisha andika logi zako zote kwa saa ya hapa pamoja na tofauti yake na saa ya dunia, +02:00, ili atakayekuja asikisie.

Jambo la mwisho halina mzaha hata chembe. Wilaya ya Nchelenge ina makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa 2018 kwa Wakongo waliokimbia vita Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Ni wilaya pia ya malaria nyingi, ambako watafiti na vituo vya afya hukusanya habari za watu mwaka baada ya mwaka. Programu iliyoachwa kwenye ngazi ya uchunguzi wa ndani inaweza kumwaga kwenye logi jina la mtu, kijiji alichokimbia, namba ya simu na majibu ya kipimo chake. Kisha mtu anapiga picha ya logi hiyo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada. Zambia ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2021, lakini hata isingekuwepo, mtu aliyevuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni hakutupa jina lake ili lizunguke kwenye simu za mafundi. Andika namba ya rekodi, usiandike mtu. Nywila usiiandike kabisa. Kabla ya kutuma logi kwa yeyote, isome yote wewe kwanza.

Kwa hiyo nawaomba mnaoandika programu zitakazofika huku: ujumbe wa kosa utaje faili lililotafutwa, mahali lilipotafutwa na toleo lililotarajiwa. Uwe kwa lugha ambayo karani anaisoma, Kibemba au Kiswahili inapobidi, na maneno ya mashine yafuate chini yake kwa ajili ya fundi. Pakieni pamoja na programu karatasi moja yenye orodha ya maktaba inazozitegemea na matoleo yake, na uacheni msimbo chanzo kwenye diski ileile. Msomaji wa kwanza wa logi yenu ataisoma Kashikishi, bando limeisha, na mitumbwi imeshafika.